Majhuli Jukwaani: Niliyoyasikia Nyuma ya Spika, Lamu

Punda wetu wa kwanza wa kampeni alikufa bila kujua alibeba sera ya nani. Mwaka 2002, wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa Desemba 27, asubuhi alipeleka spika Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa mkutano wa KANU, chama tawala. Jioni akazipeleka Langoni kwa mkutano wa NARC, muungano wa wapinzani. Mzigo ulikuwa uleule na njia ni ileile. Mimi nilikuwa na miaka 17, nikimfuata nyuma na waya begani, nikilipwa na ami yangu posho ya siku na chakula cha mchana.

Kazi ilikuwa ya ami. Aliianza kwa harusi na maulidi, siasa ikaja baadaye. Enzi za chama kimoja mteja wake wa siasa alikuwa mmoja tu. Kifungu cha 2A, kilichotiwa kwenye katiba mwaka 1982, kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, na ami alizoea kusema kwamba kiliifanya biashara yake nayo iwe ya bei moja. Kifungu kilipofutwa Desemba 1991, mwaka uliofuata akanunua amplifaya ya pili. Hayo ndiyo mageuzi aliyoyafahamu vizuri zaidi.

Mtu wa mitambo hana heshima jukwaani. Hukaa chini, kando ya jenereta, na hakuna amtazamaye ila maiki inapopiga yowe. Lakini hakuna asikilizaye kama yeye. Msikilizaji wa kawaida huja kwenye mkutano mmoja au miwili, akapiga makofi, akenda zake. Mimi nimesikiliza wote, wa vyama vyote, tangu 2002 mpaka 2022, kura za maoni juu ya katiba zikiwemo: ile ya ndizi na chungwa Novemba 2005 na ile ya kijani na nyekundu Agosti 2010. Nimewasikiliza kwa sikio la kazi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Ukisikiliza hivyo ahadi zaacha kukushughulisha, maana gati ni gati na kisima ni kisima. Unaanza kusikia namna sentensi ilivyofungwa.

Ufunguo niliupata madrasani, tena miaka mingi kabla sijajua utafungua mlango gani. Tulisoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kwa maalim mmoja mkali, na mifano yake yote ilikuwa ya watu wawili, Zaidi na Amru. Zaidi kampiga Amru. Kila mwaka Amru hupigwa, na hakuna aliyewahi kutwambia kosa lake. Siku tuliyofika kwenye sentensi ambayo Zaidi ameondolewa, ikabaki Amru amepigwa, maalim akauliza, "Nani kampiga?" Darasa zima tukaitikia: "Zaidi!" Akagonga meza kwa kiboko. "Mumejuaje? Hapa hakutajwa. Hii ni majhuli."

Majhuli ni asiyejulikana. Kitenzi cha kutendwa kwa Kiarabu husemwa kuwa kimejengwa kwa ajili ya asiyejulikana, na yule aliyetendwa hupewa cheo, huitwa naibu wa mtendaji. Yaani Amru anakula kipigo, kisha anapewa unaibu. Tulicheka sana siku ile.

Sikucheka mwaka 2007. Kulikuwa na mkutano, na mgombea mmoja mwenye sauti nzuri, sauti ambayo haihitaji kutiwa besi, alisema: "Ardhi zetu zilichukuliwa. Mashamba ya wazee wetu yalikatwa. Watu wa Lamu walisahauliwa." Watu wakalia, nami koo likanikaza. Ndipo nikamsikia maalim kichwani: nani kampiga? Zilichukuliwa na nani? Kulia kwa msemaji, kiti cha pili, ameketi mtu ambaye mji mzima wajua ana hati za mashamba mangapi na alizipata vipi. Alikuwa akipiga makofi kuliko sisi. Angesema "walichukua," mtu angeweza kuuliza kina nani. Alisema "zilichukuliwa," na swali likafungwa ndani ya kitenzi.

Toka siku ile daftari langu la kodi ya spika likawa na safu ya pili nyuma. Mbele naandika mteja, tarehe, malipo ya mwanzo, petroli. Nyuma naandika vitenzi. Sikufanya hivyo kwa elimu. Hotuba ni ndefu, na mtu asipojishughulisha atalala, jenereta itazima, na lawama ni zake.

Ami hakuhitaji daftari. Alikuwa na redio ya betri, na ujanani mwake usiku ilikamata Radio Tanzania vizuri kuliko Sauti ya Kenya, kwa hiyo kijana wa Lamu aliyeishi chini ya Mzee Kenyatta alilala na sauti ya Mwalimu Nyerere sikioni. Maneno kama kupe, mirija, bepari na kabaila aliyapata huko, na mpaka uzeeni akiyatumia kwa mambo mengine kabisa. Mteja asiyelipa alikuwa kupe. Sentensi moja ya Azimio la Arusha, la mwaka 1967, aliijua kwa moyo: tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Nilipomweleza habari ya majhuli akafurahi kama mtu aliyenikamata. "Basi Mwalimu naye?"

Ilinichukua siku kadhaa kumjibu. Kutendwa kule ni kwa aina nyingine. Kwanza, mtendaji hakufichwa. Azimio lenyewe lamtaja kwa jina la kazi yake, ubepari na ukabaila, na hata kiongozi wa chama akakatazwa kushiriki mambo hayo. Pili, vitenzi havikuachwa vimelala. Baada ya kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa, sentensi haikawii kugeuka ikasema sasa tunataka. Aliyetendwa anasimama, anakuwa mtendaji. Mgombea wangu wa 2007 alitupeleka mpaka kwenye "walisahauliwa" akatuacha papo hapo, kisha akasema yeye atatukumbuka.

Ninavyosikia mimi, itikadi inakaa hapo: nani anaruhusiwa kuwa mwenye kitenzi. Ujamaa ulisema ni sisi, kwa pamoja, na hata neno lake kuu lina kile kiji cha kujirudia, "ji", ndani yake: kujitegemea. Kama ulitimiza au haukutimiza ni habari nyingine, na wenye vijiji vya Tanzania wana yao ya kusema.

Upande wetu neno ujamaa halikukosekana. Mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Arusha, serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao nambari 10, ambao nao ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Wizara iliyouandaa ilikuwa chini ya Tom Mboya. Niliusoma nikiwa mtu mzima, kwa Kiingereza chake, baada ya mgombea mmoja kuutaja akiwa Mokowe bila kueleza. Ndani yake mna fungu lisemalo kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta mapato makubwa zaidi, nalo linapataja mahali hapo: penye rasilimali nyingi, ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo na kuyashughulikia. Nilirudia mara tatu. Barabara ya kutoka Garsen kuja kwetu ilibaki vumbi na matope kwa zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru, na hapa naona sababu imeandikwa kwa adabu kabisa, chini ya jina la ujamaa. Jina lilitoka mfuko mmoja na sentensi ikatoka mfuko mwingine.

Tena tazama lile neno, kupokea. Serikali hutoa, mwananchi mzuri ni yule apokeaye.

Ya Rais Moi yalikuwa na ustadi wake. Amani, upendo na umoja: majina matatu, hakuna kitenzi hata kimoja. Hakuna wa kuulizwa nani afanye nini. Neno lenyewe la Nyayo, alilolileta baada ya Mzee Kenyatta kufariki Agosti 1978, lilidai kitenzi kimoja tu kutoka kwetu, fuata. Ila nisiwe na upendeleo. "Hapa Kazi Tu" ya Magufuli mwaka 2015 nayo haina kitenzi, na watu wa Tanzania waliipenda kwa sababu hiyohiyo kwamba ni fupi kama amri.

Kuna kijana wa chuo kikuu aliwahi kuja kunihoji, akafungua kitabu akaniuliza hapa Lamu nani ni mrengo wa kushoto na nani wa kulia. Akanieleza kwamba maneno hayo yalianzia Ufaransa mwaka 1789, wabunge walipoketi kwa mafungu, wa mfalme upande mmoja na wapinzani wake upande wa pili. Nikamwonyesha spika. Ya kushoto ni hii, ya kulia ni ile, na waya unatoka kwenye amplifaya moja. Aliandika. Sijui kama alijua nafanya mzaha, wala mimi sikuwa na hakika kama ni mzaha.

Maana siasa ya kwetu Pwani ina mgawanyiko wa kweli, ila haukukaa kwenye kushoto na kulia. Wazee husema ulikuwa kati ya maneno mawili, majimbo na umoja. Ronald Ngala, mwana wa Kilifi, kiongozi wa KADU, chama kilichopingana na KANU wakati wa uhuru, alitaka majimbo ili watu wa makundi madogo wasimezwe. KANU wakajibu kwa umoja, na ukishajibiwa kwa umoja huna la kusema bila kuonekana mchoyo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo, Pwani likiwa mojawapo. Novemba 1964 KADU ikajivunja, na majimbo yakazikwa. Lakini neno halikufa. Miaka ya 1990 lilifufuliwa Bonde la Ufa likiandamana na mapigano, na mwaka 2007 liliposikika tena majukwaani, mtu aliyekuja Lamu kutoka bara akilisikia alianza kuhesabu watoto wake.

Halafu Katiba ya 2010 ikaja na kaunti 47, sisi tukiwa nambari 5, na neno jipya lililonyooka kama karatasi: ugatuzi. Si kitu kilekile hasa, maana majimbo ya 1963 yalipewa nguvu ambazo kaunti hazina. Lakini kiu ni ileile, ya watu wa mbali kutaka kuamua mambo yao. Katika kampeni za 2013 nilikuwa namsikia mzee mmoja wa jukwaa akianza kusema "maji—", anajikamata, anameza mate, kisha anamalizia "ugatuzi". Niliyasikia mate yale kwenye spika zote nne. Neno lina kumbukumbu ya damu, na mwanasiasa mzoefu hujua lipi limeoshwa na lipi bado.

Mheshimiwa wangu wa kudumu simtaji. Nimempigia mitambo chaguzi tatu. Mwaka 2013 alikuwa chama kimoja na kila kitu kwake kilikuwa dijitali, hata visima. Mwaka 2017 alikuwa chama kingine, akisema haki na mageuzi. Mwaka 2022 alivaa manjano akawa hasla, yaani mtu wa kuhangaikia riziki. Wapinzani wake walimcheka kwamba hana msimamo, nami nilimcheka pamoja nao mpaka usiku mmoja nilipofungua daftari kwa nyuma nikaweka kurasa za miaka mitatu pamoja. 2013: nitawaletea, mtajengewa, mtachimbiwa. 2017: nitawaletea, mtajengewa, mtarudishiwa. 2022: nitawaletea, mtakopeshwa, mtajengewa. Maneno makubwa yalikuwa ya vyama, akiyavaa na kuyavua kama fulana za kampeni. Vitenzi vilikuwa vyake mwenyewe. Kumbe ana msimamo, na haujatikisika hata siku moja: yeye ni wa kuleta, sisi ni wa kuletewa. Katika sentensi zake zote sisi tulikuwa unaibuni, na Amru.

Nilithibitisha hilo Mkanda. Tulikuwa twenda Faza, mashua imejaa spika na wapambe, na Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, usiopitika maji yakikupwa. Nahodha alikuwa amesema tuondoke mapema. Mheshimiwa akachelewa, maji yakatukimbia, chombo kikakaa mchangani karibu saa mbili jua la utosi. Mtu akikwama Mkanda husema ya moyoni. Akawa anaongea na simu, bila maiki, akacheka, akasema, "Hawa watu wa visiwani hawataki maneno mengi. Ni watu wa kupewa." Nahodha, mtu wa Faza wa kuzaliwa, alikuwa ameshika usukani mita moja kutoka kwake. Hakugeuza hata shingo. Jioni jukwaani mheshimiwa akaanza, "Sisi watu wa visiwani," na mimi nikampandishia sauti kidogo kwa sababu ndiyo kazi niliyolipwa.

Hii "sisi" ya Kiswahili ina tabia moja ya kustarehesha sana. Haisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. "Tumeamua kujenga bandari" ni sisi gani? Machi 2, 2012, Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, na kwa miezi baada ya hapo kila msemaji alikuwa na "tumeleta", "tumepata", "tumeamua". Wavuvi waliokuwa wakivua karibu na Magogoni hawakukumbuka kuamua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Malindi ikaamuru maelfu yao walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na hapo ndipo nilipowasikia wakisema "tu" ambayo ina watu ndani: tulishtaki, tulishinda. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na hotuba zikarudi kwenye "tumeleta".

Alikuwepo mama mmoja aliyegombea udiwani akisema hivyo. Hotuba zake zilikuwa fupi na hazikupendwa. "Tulikwenda ofisini mara nne. Tulikataliwa na fulani," akamtaja cheo, "tukarudi." Ukimuuliza sisi kina nani, alikuwa na majibu, akina mama wa mtaa wake waliochanga nauli. Kwenye daftari langu ukurasa wake hauna "mta" hata moja. Alishindwa vibaya. Watu walisema hana la kutoa, na walisema kweli, hakuwa nalo.

Mara moja nami niliingizwa kwenye kuandika. Timu moja kutoka Nairobi ilikuja na hotuba ya Kiingereza, kurasa sita, mtu wao wa kutafsiri amepatwa na homa, wakamuuliza fundi wa spika kama anajua Kiswahili sanifu. Kiburi kikanipanda, nikakubali. Hotuba ilikuwa imejaa yale maneno ya semina. Kila mahali vijana, wanawake na wavuvi walikuwa wanawezeshwa na washikadau. Nikaandika "tutawawezesha vijana" mara nyingi kadiri Kiingereza kilivyotaka. Mkutano ulipokwisha vijana kama thelathini wakaifuata mashua mpaka gatini wakitaka kuwezeshwa, na si kesho. Mitaani kwetu neno hilo lina maana moja tu, nayo huwa mfukoni. Mgombea akaniangalia kama mimi ndiye niliyewatuma. Mzee mmoja akanishika mkono akauliza mshikadau ni nani. Nikamwambia ni wewe, mzee, mtu anayehusika. Akafikiri. "Mimi ni mvuvi," akasema. "Dau nimelishika miaka arubaini, na lile ni la Bwana fulani."

Hotuba ile haikuwa ya watu wabaya. Lakini kuwezesha ni kitenzi chenye ngazi mbili, mwenye uwezo juu na asiye nao chini, na nilikitafsiri mara zote hizo bila kuuliza uwezo wa wavuvi ulipotea lini.

Sasa jambo ambalo sipendi kulisimulia. Kampeni za mwanzo wa 2013, kijana wangu wa jenereta alikuwa mzaliwa wa Hindi, upande wa bara wa kaunti yetu. Wazazi wake walikuja kutoka bara ya mbali, nje ya Pwani, kulima. Yeye Kiswahili chake ni cha hapa, hata mzaha wake ni wa hapa. Msemaji mmoja, akiwa ameshaona watu wanapiga miayo, akaanza habari ya wakuja. Wakuja hivi, wakuja vile, wakuja wamejaa. Watu wakaamka, wakacheka. Mimi nikafanya kitu ambacho mikono hufanya yenyewe watu wakichangamka, nikapandisha sauti na kusafisha ile ya juu ili maneno yatoke makali. Nilipogeuka, kijana wangu alikuwa anamimina petroli, taratibu, bila kumwaga tone.

Lile neno nimelifikiri sana tangu hapo. Mgeni ni neno la heshima kwetu, mgeni hufika, hukaribishwa, na siku ya tatu hupewa jembe. Mtu wa kuja hafiki. Limejengwa na kitenzi kisichokamilika, kwa hiyo hata ukizaliwa hapa, ukazikwa hapa, wewe bado uko njiani. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, wakuja lilikuwamo, pamoja na madoadoa na kwekwe. Nilifurahi kuliona, kisha nikakumbuka ile ya majimbo na ugatuzi, jinsi neno linavyoweza kuoshwa likarudi na jina jingine. Msimu uleule nilimsikia mtu akisema "wasio wa asili", kwa upole sana.

Juni 2014 Mpeketoni, mji wa wakulima waliotoka bara ya mbali, ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na kaunti ikawekewa kafyu ya usiku. Kijana wangu hakurudi kazini kwa miezi. Aliporudi hatukuzungumza lolote, tukafunga mizigo kama zamani. Ni siku ya pili, tukikunja waya, ndipo aliposema bila kunitazama, "Bosi, siku ile sauti ilifika vizuri sana."

Sikumuuliza siku ipi.

Tangu hapo nina masharti, na yamenipotezea wateja wawili. Msemaji akianza maneno ya namna hiyo, jenereta hupata matatizo. Kijana ndiye anayejua ni matatizo gani.

Mwaka 2022 wengi waliniambia kwamba sasa itikadi imefika Kenya, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kampeni kubwa, ya William Ruto, haikuzungumza kabila, ilizungumza mahasla na nasaba za wenye nacho, uchumi wa kutoka chini kwenda juu, na wilbaro ndiyo alama. Ilikuwa na ladha, nakiri. Pale Mkunguni mwenye punda mmoja alitaka kujua kwa nini wilbaro na si punda, maana Lamu wilbaro haijalisha mtu, na hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa natafuta kitenzi, nikakipata: kujitafutia. Kile kiji cha ami kimerudi! Lakini chake kilikuwa na "tu" mbele, tujitegemee, na hiki kina "a", ajitafutie. Kile cha Arusha kilikuwa na adui mwenye jina la kazi, bepari. Hiki adui yake ni familia fulani fulani, na bepari mwenyewe hana neno, kila hasla anatarajia kuwa yeye kesho. Novemba 30 mwaka huohuo Hazina ya Hasla ikazinduliwa, mkopo wa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Nikasikia vijana barazani wakisema "nimekopeshwa" na "nimekatwa". Hawakusema na nani, simu haina uso.

Ami alifariki kabla ya uchaguzi ule. Angekuwapo angeniuliza tena, "Basi Mwalimu naye?", kwa sababu ami hakupenda nadharia zangu zikae bila kuchokozwa. Alikuwa na yake mwenyewe. Akisema kampeni ya kweli aliyoiona ilikuwa ya katikati ya miaka ya 1970, ya ubunge wa Lamu Mashariki, watu walipopigana kwa mashairi. Huko kila mtu alifichwa ndani ya fumbo na kila mtu alijulikana. Hilo bado sijaweza kulitia kwenye safu yangu. Fumbo ni majhuli ambayo mji mzima unaijua, na mwenye kupigwa analisikia kofi.

Wiki iliyopita mheshimiwa wangu alinipigia simu. Anataka nimwekee spika nne, jenereta mbili na mashua ya mitambo kwa miezi mitatu ya mwisho kabla ya Agosti 10, 2027. Nikamuuliza nimwandike kwa chama gani, maana kila chama kina rangi yake ya vitambaa vya jukwaa nami huvishona mapema. "Chama bado, fundi," akasema. "Chama kitajulikana. Wewe weka tarehe."

Nimeiweka. Safu ya chama nimeiacha wazi. Kwa nyuma nimeshaandika "nitawaletea", kwa wino.